Taifa Lililotaka Kukaa Kando

Nyumba ya jirani ikishika moto usiku, mtu aweza kufanya moja katika mambo matatu. Aweza kufunga mlango wake na kulala. Aweza kumpa jirani mitungi na ndoo ili auzime moto mwenyewe. Au aweza kutoka na kuingia motoni pamoja naye. Katika somo hili tutasoma habari za taifa kubwa lililoyafanya yote matatu, moja baada ya jingine, katika muda wa miaka sita. Taifa hilo ni Marekani, na miaka yenyewe ni tangu 1935 hata 1941.

1. Sababu za kukaa kando

Marekani iko mbali na Ulaya na Asia. Upande wa mashariki iko Bahari ya Atlantiki, na upande wa magharibi iko Bahari ya Pasifiki. Tangu zamani watu wake walizihesabu bahari hizo kuwa kama boma. George Washington, Rais wao wa kwanza, alipokuwa karibu kuacha kazi mwaka wa 1796, aliwaandikia waraka wa kuwaaga, akawaonya wasijifunge kwa mapatano ya kudumu na mataifa ya kigeni. Neno hilo walilishika kwa miaka mingi.

Vita Vikuu vya kwanza vilipoanza mwaka wa 1914, Marekani ilikaa kando karibu miaka mitatu. Iliingia vitani mwezi wa Aprili 1917, baada ya manowari za Wajerumani zipitazo chini ya maji kuzizamisha meli zake. Askari wake wapatao 116,000 walikufa. Vita vilipokwisha, watu wengi walianza kuulizana, "Tumepata faida gani?" Amani ya kudumu haikuonekana. Mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yamekopa fedha yalishindwa kuzilipa, ila machache. Baraza la Seneti lilikataa mkataba wa amani, na kwa hiyo Marekani haikuingia katika Chama cha Mataifa.

Kisha mwaka wa 1929 biashara ilianguka. Hata mwaka wa 1933, katika kila watu wanne wa kufanya kazi, yapata mmoja alikuwa hana kazi. Watu wakasema, "Tuna taabu za kutosha nyumbani." Tena mwaka wa 1934 Seneti iliweka kamati ya kuchunguza biashara ya silaha, na mkubwa wake alikuwa Seneta Gerald Nye. Kamati hiyo ilionyesha jinsi wenye viwanda vya silaha walivyopata faida nyingi katika vita. Wengi wakaamini kuwa vijana wao walikufa ili matajiri wapate kutajirika zaidi.

Msidhani, basi, kwamba watu hao walikuwa waoga. Wengi wao walikuwa wazazi waliokwisha kuzika watoto, wakaapa kwamba jambo hilo halitatokea tena.

2. Mlango wafungwa

Mwezi wa Agosti 1935 Baraza Kuu la Marekani, liitwalo Congress, lilitunga sheria ya kutokuwa upande wowote. Sheria hiyo ilikataza kuyauzia silaha mataifa yanayopigana, yote sawasawa. Mwaka wa 1936 likaongeza sheria ya kukataza kuyakopesha fedha. Mwaka wa 1937 likawakataza Wamarekani kusafiri katika meli za mataifa yaliyo vitani.

Sheria hiyo ilionekana kuwa ya haki, kwa kuwa ilimtendea kila mtu namna moja. Lakini mara ilijaribiwa, na jaribio lenyewe lilikuwa hapa Afrika. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliingia Uhabeshi, nchi ya Mfalme Haile Selassie. Marekani ikakataa kuwauzia silaha Waitalia na Wahabeshi pia. Basi, Italia ilikuwa na viwanda vyake vya mizinga na ndege za vita, nayo Uhabeshi haikuwa navyo. Tena mafuta ya kuendeshea magari na ndege hayakukatazwa katika sheria. Rais aliwasihi wafanya biashara wasiwauzie Waitalia kupita desturi, lakini biashara hiyo ilizidi. Mwezi wa Mei 1936 Waitalia waliingia Addis Ababa. Hapo watu wenye akili walianza kuona ya kwamba kuwatendea sawa mwenye nguvu na mnyonge si kukaa kando, bali ni kumsaidia mwenye nguvu.

Rais wa Marekani wakati huo alikuwa Franklin Roosevelt. Mwaka wa 1937 Japani iliishambulia China. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo Rais alihutubu katika mji wa Chicago, akasema kwamba vita ni kama maradhi ya kuambukiza, na mataifa yanayoyaeneza yafaa kutengwa na wengine. Watu wengi wakamkasirikia. Miezi mitatu baadaye, Januari 1938, mbunge mmoja, Louis Ludlow, alitaka katiba ibadilishwe, ili vita visitangazwe ila kwa kura ya watu wote, isipokuwa nchi yenyewe imeshambuliwa. Shauri lake lilipigiwa kura hata kabla ya kujadiliwa, likashindwa kwa kura 209 dhidi ya 188. Kwa hesabu hiyo mwaona jinsi watu wa kukaa kando walivyokuwa wengi.

Mlango uliofungwa haukuzuia vita tu, ulizuia na wakimbizi. Mwezi wa Mei 1939 meli iitwayo St. Louis ilitoka Ujerumani na abiria zaidi ya 900, karibu wote Wayahudi waliomkimbia Hitler. Cuba iliwakataa, ila wachache. Meli ikapita karibu na pwani ya Marekani hata abiria wakaona taa za mji wa Miami, lakini hawakupewa ruhusa ya kushuka. Ikawabidi kurudi Ulaya. Katika watu hao, 254 waliuawa baadaye katika mauaji makuu ya Wayahudi.

3. Moto waenea

Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani iliishambulia Poland, na siku mbili baadaye Uingereza na Ufaransa zikatangaza vita. Usiku ule Rais Roosevelt alisema na watu wake katika redio. Aliwaambia kwamba taifa litakaa kando, lakini hawezi kumtaka kila mtu asiwe na upande hata moyoni mwake.

Mwezi wa Novemba sheria ikabadilishwa. Sasa mataifa yanayopigana yaliweza kununua silaha Marekani, kwa shuruti mbili: walipe fedha taslimu, na wazichukue wenyewe katika meli zao. Meli za Marekani zilikatazwa kwenda katika bahari za vita. Kwa maneno hakuna aliyependelewa, lakini kila mtu alijua kwamba Waingereza ndio waliokuwa na meli nyingi, nao ndio watakaonunua. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza.

Mwaka wa 1940 mambo yalikwenda mbio. Mwezi wa Aprili Hitler alizitwaa Denmark na Norway. Mwezi wa Mei alizishambulia Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Tarehe 22 Juni Wafaransa walitia sahihi mkataba wa kuacha vita. Waingereza wakabaki karibu peke yao huko Ulaya, na ndege za Wajerumani zikaanza kuitupia mabomu miji yao. Wamarekani wakashtuka. Ikiwa Uingereza itashindwa na manowari zake zitatwaliwa, je, bahari ya Atlantiki itakuwa boma tena, au itakuwa njia ya adui?

Tarehe 2 Septemba 1940 Rais aliwapa Waingereza manowari 50 za zamani. Waingereza nao wakaipa Marekani mahali pa kuweka majeshi yake katika Newfoundland, Bermuda na visiwa vya Karibi, kwa miaka 99. Siku 14 baadaye ikatiwa sahihi sheria ya kuwaandikisha askari vijana wenye umri wa miaka 21 hata 35. Marekani haikuwahi kufanya hivyo wakati wa amani. Lakini sheria ilisema kwamba watatumikia mwaka mmoja tu, wala hawatapelekwa mbali na bara lao, ila katika nchi zilizo chini ya Marekani.

4. Mabishano

Wakati huo watu walibishana kila mahali: shambani, kiwandani, kanisani na katika magazeti. Kulikuwa na vyama viwili vikubwa. Kimoja, kilichoongozwa na mwandishi wa gazeti William Allen White, kilisema kwamba njia ya kuepuka vita ni kuwasaidia Waingereza kwa nguvu zote. Cha pili kiliitwa America First, maana yake Marekani Kwanza. Kilianza Septemba 1940, kikapata wanachama wapatao 800,000. Msemaji wake mashuhuri alikuwa Charles Lindbergh, aliyesifiwa duniani tangu mwaka wa 1927 kwa kuvuka Atlantiki peke yake katika ndege bila kutua. Chama hicho kilisema kwamba silaha zifaa kubaki nyumbani, kwani mtu akitoa silaha zake leo, kesho atatoa na watoto wake.

Katika chama hicho walikuwamo watu wema wapenda amani. Walikuwamo pia watu wenye chuki. Mwezi wa Septemba 1941 Lindbergh alihutubu katika mji wa Des Moines, akawalaumu Wayahudi pamoja na wengine kwamba wanaisukuma nchi vitani. Watu wengi, hata baadhi ya marafiki wa chama chake, wakamkemea. Ndivyo ilivyo mara nyingi: shauri lenye sababu njema huharibiwa na mtu anayelichanganya na chuki.

Rais naye alikuwa na jambo lake la kujibu. Mwezi wa Novemba 1940 alitaka kuchaguliwa mara ya tatu. Siku chache kabla ya kura aliwaahidi wazazi kwamba watoto wao hawatapelekwa katika vita vya wageni. Akachaguliwa. Lakini yeye mwenyewe alikwisha kuona kwamba ahadi hiyo itakuwa ngumu kuitimiza.

5. Mpira wa maji

Mwezi wa Desemba 1940 Waingereza walisema kwamba fedha zao za kununulia silaha zimekaribia kwisha. Rais akawaita waandishi wa magazeti, akawatolea mfano. Alisema: nyumba ya jirani yangu yaungua, nami nina mpira wa kupitishia maji. Simwambii kwanza anilipe dola 15 alizozigharimu mpira huo. Nampa, auzime moto, kisha anirudishie mpira wangu.

Mfano huo uliingia katika nyoyo za watu. Hata tarehe 11 Machi 1941 ilitiwa sahihi sheria ya kuwapa mataifa rafiki silaha, chakula na vyombo kwa kuwaazima au kuwakodisha. Mpaka mwisho wa vita Marekani ilitoa vitu vya thamani ya dola karibu 50,000,000,000 kwa nchi zaidi ya 30. Seneta mmoja aliyepinga, Robert Taft, alisema kwamba kuazimana silaha ni kama kuazimana ubani wa kutafuna: hakuna atakaye kurudishiwa. Naye alisema kweli, maana silaha nyingi hazikurudi. Lakini Waingereza hawakushindwa.

Mwezi wa Agosti 1941 Roosevelt na Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, walikutana katika manowari karibu na Newfoundland. Wakaandika maneno manane, yaitwayo Mapatano ya Atlantiki. Neno la tatu lilisema kwamba mataifa yote yana haki ya kuchagua serikali watakayo. Mwezi uliofuata Churchill aliliambia Bunge lake kwamba neno hilo liliwekwa hasa kwa ajili ya nchi za Ulaya zilizotekwa. Lakini maneno yakiisha kusemwa hayana mwenyewe. Waafrika wenye elimu waliyasoma, wakauliza, "Je, sisi si mataifa?" Swali hilo halikunyamaza mpaka nchi zao zilipopata uhuru.

6. Vita visivyotangazwa

Haifai kumpa mtu silaha kisha kuziacha zizame njiani. Kwa hiyo manowari za Marekani zilianza kulinda njia za bahari. Mwezi wa Julai 1941 askari wake walikwenda Iceland. Tarehe 4 Septemba manowari ya Marekani iitwayo Greer na manowari ya Wajerumani ipitayo chini ya maji zilishambuliana. Rais akawaambia watu kwamba Wajerumani walianza kupiga. Ni kweli, lakini hakuwaambia kwamba Greer ilikuwa imeifuata manowari ile kwa saa nyingi, ikiionyesha ndege ya Waingereza mahali ilipo. Tangu hapo wanamaji wa Marekani waliamriwa kupiga kila waonapo manowari ya Wajerumani katika bahari wanazozilinda.

Tarehe 17 Oktoba manowari Kearny ilipigwa, wakafa mabaharia 11. Tarehe 31 Oktoba manowari Reuben James ilizamishwa, wakaokoka watu 44 tu. Hata hivyo taifa lilikuwa bado limegawanyika. Mwezi wa Agosti, muda wa askari wale walioandikishwa ulipoongezwa, Baraza la Wawakilishi lilikubali kwa kura 203 dhidi ya 202. Kura moja tu! Na mwezi wa Novemba sheria ya kuziacha meli za biashara zichukue silaha na ziende katika bahari za vita ilipita kwa kura 212 dhidi ya 194.

7. Jumapili ya tarehe 7 Desemba

Watu walitazama Ulaya, lakini pigo lilitoka Asia. Wajapani walikuwa wakiendelea kuteka nchi. Mwezi wa Julai 1941 waliingia kusini mwa Indochina. Marekani ikazuia mali yao yote iliyokuwa katika mabenki yake, kisha ikaacha kuwauzia mafuta. Japani ilipata sehemu kubwa ya mafuta yake Marekani, na bila mafuta majeshi yake yasingeweza kwenda mbali. Wakubwa wake walikuwa na njia mbili: kurudi nyuma, au kutwaa mafuta kwa nguvu. Wakachagua vita.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Wajapani zilishuka juu ya bandari ya Pearl Harbor, katika visiwa vya Hawaii. Wamarekani 2,403 walikufa. Siku ya pili Rais alikwenda mbele ya Baraza Kuu kuomba vita vitangazwe juu ya Japani. Seneti ilikubali kwa kura 82, wala hakuna aliyekataa. Katika Baraza la Wawakilishi walikubali 388, akakataa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza hilo. Mwaka wa 1917 alikuwa amekataa vita pamoja na wenziwe 49. Sasa alikuwa peke yake. Alisema kwamba yeye kama mwanamke hawezi kwenda vitani, basi hatakubali kumpeleka mtu mwingine. Watu walimzonga kwa hasira hata akajificha katika chumba kidogo cha simu. Wengi walisema amekosa. Lakini hata walio kinyume chake walikubali kwamba kusimama peke yako mbele ya watu 388 si kazi ya mwoga.

Tarehe 11 Desemba Ujerumani na Italia zilitangaza vita juu ya Marekani. Siku hiyo hiyo chama cha America First kiliamua kujivunja.

8. Mambo ya kufikiri

Tazameni jinsi safari ilivyokwenda. Kwanza hawakuuza silaha kwa yeyote; kisha wakauza kwa fedha; kisha wakaazima; kisha wakalinda; kisha wakapiga. Kila hatua ilikuwa ndogo, na kila mara watu waliambiwa kwamba ni ya kuepusha vita. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, waliotaka kukaa kando walikosa? Walikosa kudhani kwamba bahari ni boma katika siku za ndege. Walikosa pia kudhani kwamba asiyetenda neno hana lawama: Uhabeshi na abiria wa St. Louis ni mashahidi. Lakini hawakukosa kusema kwamba vita vina gharama kubwa. Wamarekani zaidi ya 400,000 walikufa kabla ya mwaka wa 1945 kwisha. Askari wa Afrika ya Mashariki nao walipigana na Wajapani huko Burma, nao hawakuulizwa kwa kura kama wanataka vita au la. Na taifa lile lililotaka kukaa kando ndilo lililotupa mabomu ya atomiki juu ya Hiroshima na Nagasaki.

Waliotaka kusaidia nao walikuwa na haki, kwa kuwa kama Hitler angaliachwa, wanyonge wengi zaidi wangaliangamizwa. Lakini kiongozi akiwaficha watu sehemu ya kweli, hata kwa ajili ya jambo jema, huwafundisha wasimwamini siku nyingine. Taifa linalojitawala lafaa kubishana wazi kabla ya kupigana, kama walivyofanya Wamarekani kwa miaka sita, hata kama mabishano hayo ni marefu na yenye uchungu.

Maswali

1. Toa sababu tatu zilizowafanya Wamarekani kutaka kukaa kando baada ya mwaka wa 1918.
2. Sheria ya mwaka wa 1935 iliwatendea Waitalia na Wahabeshi namna moja. Kwa nini haikuwa haki?
3. Eleza kwa maneno yako mfano wa mpira wa maji. Seneta Taft aliupinga kwa mfano gani?
4. Rais alisema nini juu ya manowari Greer, na alificha nini?
5. Kwa nini Japani iliamua kuishambulia Marekani?
6. Andika kwa taratibu hatua za Marekani tangu 1935 hata 1941, na mwaka wa kila hatua.
7. Gawanyikeni makundi mawili. Kundi moja liseme kwa niaba ya wale wa kukaa kando katika mwaka wa 1940, na kundi la pili kwa niaba ya wale wa kuwasaidia Waingereza. Kila kundi lianze kwa kutaja neno moja la kweli katika maneno ya wenzao.